Kupanga Safari ya Kilimanjaro kwa Marafiki Wakaao Pwani: Mambo ya Kiafya ya Kuamuliwa Kabla ya Tarehe

Mwezi wa Mei mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona kwa mbali mlima wenye weupe kileleni. Alipomwuliza kiongozi wake weupe ule ni kitu gani, alijibiwa kwa neno moja tu: baridi. Sisi tuliozaliwa Tanga, Pangani au Mkinga tunalo neno theluji, tulilolipata kutoka katika Kiarabu, lakini wengi wetu tumelisoma vitabuni bila kuigusa theluji yenyewe. Hali hiyo inabadilika. Vijana na watu wazima wa pwani huunda makundi ya marafiki, wakachanga fedha na kwenda kuupanda Mlima Kilimanjaro, hasa karibu na tarehe 9 Desemba, kwa kumbukumbu ya usiku ule wa 1961 ambapo Luteni Alexander Nyirenda alisimika mwenge na bendera ya Tanganyika kileleni. Wengine, walio masomoni Ulaya na Marekani, hualikwa na wenzao kwenda kuteleza thelujini kwa skii katika milima ya huko.

Makala haya yanaeleza mambo ya kiafya ambayo kundi la namna hiyo linapaswa kuyaamua mapema, na sababu zake. Nayaandika kama daktari, lakini pia kama mmoja wa marafiki saba waliosoma pamoja sekondari mjini Tanga na ambao, baada ya miaka mingi ya kuahidiana, walipanda kweli. Katika kundi letu la WhatsApp jambo la kwanza kuzungumzwa lilikuwa tarehe, la pili mchango, la tatu rangi ya fulana. Miezi miwili baadaye ndipo mmoja akauliza: "Daktari, tubebe dawa gani?" Swali lilikuwa jema, ila halikuwa la kwanza. La kwanza lilipaswa kuwa: tutalala mlimani siku ngapi? Na la pili: nani kati yetu anaijua damu yake?

Hewa ya Raskazone na hewa ya Uhuru

Watu husema kwamba kileleni "hakuna oksijeni". Si sahihi. Hewa ya kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, ina asilimia 21 ya oksijeni kama hewa ya ufukwe wa Raskazone. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, yaani nguvu inayoisukuma hewa hiyo iingie mapafuni na kutoka mapafuni iingie katika damu. Tanga, hewa yote iliyo juu yetu imetulalia kwa uzito wake. Kileleni karibu nusu ya hewa hiyo imebaki chini yetu, hivyo pumzi moja ya pale huupa mwili kama nusu ya oksijeni ambayo pumzi moja huupa ufukweni.

Mwili haukubali upungufu huo kimyakimya. Katika saa za mwanzo mtu huanza kupumua haraka na kwa kina, na moyo huenda mbio. Kupumua sana huitoa hewa ukaa kwa wingi, damu ikaelekea kuwa na ualikali, na figo huanza kuutoa ualikali huo kwa njia ya mkojo. Ndiyo sababu mpandaji anayezoea vizuri hukojoa mara nyingi. Hilo lisimtie hofu. Kazi hiyo ya figo huchukua siku kadhaa. Kuongezeka kwa chembe nyekundu za damu huchukua wiki, na kwa safari ya siku sita au saba hatuwezi kuitegemea. Kwa maneno mengine, kuzoea mwinuko kunanunuliwa kwa siku, na hakuna duka jingine linalouza.

Hapa ndipo marafiki wa pwani hukosea hesabu mara mbili. Kosa la kwanza ni kudhani kuwa nguvu za mwili ni kinga. Kijana anayecheza mpira kila jioni hana kinga zaidi ya mwalimu mwenye kitambi. Pengine yumo hatarini zaidi, kwa kuwa miguu yake inamfikisha juu kabla figo zake hazijafanya kazi yake. Kosa la pili ni letu wenyewe wa Tanga: tunadhani mazoezi ya Lushoto yanatuzoesha. Kupanda Irente au kutembea msitu wa Magamba ni zoezi zuri kwa moyo, magoti na viatu vipya. Hata hivyo Lushoto iko kama mita 1,400 tu, na hata kilele cha juu kabisa cha Usambara hakifiki mita 2,500, kimo ambacho maradhi ya mwinuko huanza kuonekana kwa kawaida. Nendeni Lushoto kwa ajili ya miguu. Msiende mkidhani mmekwisha kuyafundisha mapafu.

Idadi ya siku

Wataalamu wa tiba ya milimani hutumia kanuni rahisi: ukivuka mita 3,000, mahali unapolala leo pasizidi mahali ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne ulale usiku wa ziada palepale ulipo. Sasa tuiweke kanuni hiyo juu ya njia ya Marangu, ambayo Watanzania wengi huichagua kwa sababu ina vibanda vya kulala na gharama yake ni nafuu. Kwa hesabu za mkato, kituo cha Mandara kiko mita 2,700, Horombo 3,700, Kibo 4,700. Kila siku ni mita 1,000, mara mbili ya kipimo kinachoshauriwa. Kisha usiku wa manane kundi huamshwa Kibo na kupanda mita nyingine 1,200 hadi Uhuru.

Ratiba ya siku tano ya Marangu inaikiuka kanuni hiyo waziwazi. Ya siku sita, yenye usiku wa pili Horombo na matembezi ya mchana hadi kwenye Miamba ya Pundamilia, kama mita 4,000, kisha kurudi chini kulala, inaikiuka pia, lakini kwa kiasi ambacho miili mingi huweza kukistahimili. Njia za Machame na Lemosho zina faida moja: siku moja hupita penye Mnara wa Lava, karibu mita 4,600, kisha hushuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Waongozaji huita panda juu, lala chini. Machame ya siku saba ni bora kuliko ya siku sita, na Lemosho ya siku nane ni bora zaidi. Mwenye nafasi anaweza pia kuanza kwa Mlima Meru, unaozidi mita 4,500, siku chache kabla, mradi asikae tena pwani wiki mbili katikati, kwa kuwa mazoea ya mwinuko hupotea.

Kundi letu lilikuwa limekwisha kukubaliana siku tano. Sababu ilikuwa fedha, na sikuidharau. Ada za hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki ni ndogo mno zikilinganishwa na za wageni, lakini kila siku inayoongezeka ina posho ya kiongozi, ujira wa wapagazi, chakula, na siku moja ya ruhusa kazini. Tulibishana jioni mbili. Mwishowe fulana ziliondolewa katika bajeti, na siku ya sita ikaingia. Katika maamuzi yote ya safari ile, hilo ndilo ninaloliona kuwa la kitabibu kuliko yote, ingawa halikuandikwa na daktari yeyote kwenye cheti.

Damu ya watu wa pwani

Sehemu hii haimo katika vitabu vingi vya mwongozo wa wapandaji, kwa sababu vitabu hivyo vimeandikwa kwa ajili ya watu wa mahali pengine. Kwetu ni muhimu.

Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba kinasaba cha selimundu kimeenea pale ambapo malaria imekaa kwa muda mrefu, kwa sababu aliyerithi kinasaba kimoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Pwani ya Tanga ni mahali pa namna hiyo. Aliyerithi vinasaba viwili, yaani SS, ana ugonjwa wa selimundu. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka Tanzania. Aliyerithi kimoja, yaani AS, si mgonjwa. Hucheza, hulima, huzaa, na mara nyingi huishi mpaka uzee bila kujua. Makadirio yanayotumiwa sana nchini ni kwamba watu wenye AS ni asilimia 13 hivi, na katika baadhi ya maeneo ni zaidi.

Katika kundi la marafiki saba wasio ndugu, kwa asilimia 13, uwezekano wa kuwamo angalau mtu mmoja mwenye AS ni zaidi ya nusu. Msomaji apige hesabu mwenyewe. Ni kusema kwamba kundi la Tanga linalopanda Kilimanjaro bila kupima linamchukua mtu huyo bila kumjua, mara nyingi kuliko lisivyomchukua.

Je, kuna ubaya gani? Himoglobini S, ikikosa oksijeni, hushikamana yenyewe kwa yenyewe na kuivuta chembe nyekundu iwe na umbo la mundu. Kwa mwenye SS hilo hutokea hata chini, na kwa hiyo mwenye SS hashauriwi kupanda Kilimanjaro hata kidogo. Nalisema hili bila kuzungusha maneno, kwa maana nimewahi kuulizwa na mzazi kama mwanawe "akibeba dawa zake" anaweza kwenda. Kwa mwenye AS, nusu ya himoglobini yake au zaidi ni ya kawaida na humlinda katika maisha yake yote ya kila siku. Ila oksijeni ikishuka sana, mwili ukiwa umechoka na kukauka maji, chembe zake nazo zaweza kupinda. Kiungo kinachoathirika kwanza ni bandama, ambako damu hupita polepole na oksijeni ni haba. Mishipa yake huziba na sehemu yake hufa. Aidha, figo za mwenye AS mara nyingi hazina uwezo mzuri wa kuuzuia mkojo usitoke na maji mengi, kwa hiyo hukauka mapema kuliko wenzake.

Mfano unaojulikana ni wa mchezaji wa mpira wa Kimarekani, Ryan Clark wa timu ya Pittsburgh Steelers, mwenye AS. Oktoba 2007 alicheza mechi Denver, jimbo la Colorado, mji ulio kama mita 1,600 tu. Aliugua vibaya, na baadaye akaondolewa bandama na kibofu cha nyongo. Januari 2012 timu yake iliporudi Denver kwa mechi ya mtoano, kocha wake Mike Tomlin alimzuia kucheza. Mchezaji aliyekomaa, mechi kubwa, na kocha akasema hapana; viongozi wa makundi ya marafiki walikumbuke tukio hilo. Colorado ndiko pia madaktari walikoieleza hali hii kwa wageni waliokuja kutoka nyanda za chini. Kijana wa Tanga aliye masomoni Marekani na kualikwa na wenzake kuteleza kwa skii Breckenridge ajue kwamba mji huo wenyewe, kabla hajapanda lifti ya kwanza, uko karibu mita 2,900: juu kuliko Mandara. Tena yeye hafiki kwa miguu kwa siku mbili, hufika kwa ndege na gari mchana mmoja.

Lazima niweke mizani. Watu wengi wenye AS wamepanda milima mirefu na kurudi salama, na hakuna msingi wa kuwakataza wote. Wanachohitaji ni kujua, kunywa maji ya kutosha, kwenda polepole kuliko wengine, na kuitambua dalili: maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, pengine na kichefuchefu na homa, yanayoanza siku ya kwanza au ya pili baada ya kupanda. Asiyejua damu yake atasema ni gesi au vidonda vya tumbo, ataendelea. Anayejua atamwambia kiongozi, "Nina AS, bandama inauma," na atashushwa. Akipewa oksijeni na maji mapema, mara nyingi bandama hupona bila upasuaji.

Kipimo ni rahisi. Wengi wetu tunajua grupu la damu, tukadhani inatosha. Lakini "O chanya" haisemi lolote kuhusu selimundu. Mtu aombe kipimo cha aina ya himoglobini, katika hospitali ya rufaa ya mkoa au kwa vipimo vya haraka vinavyotumia tone moja la damu. Siku hiyohiyo apimwe wingi wa damu. Safura na upungufu wa madini ya chuma bado ni vya kawaida pwani, hasa kwa wanawake, na mtu anayeanza safari na damu pungufu anakwenda mlimani akiwa na magari machache ya kubeba oksijeni ambayo tayari ni haba. Upungufu huo hutibika kwa wiki kadhaa, si kwa siku tatu kabla ya basi.

Katika kundi letu watu wawili walikutwa na AS. Mmoja, mwalimu, hakushangaa sana: mtoto wa dada yake ana ugonjwa wa selimundu. Alininyamazia siku mbili, kisha akanipigia kuuliza, si kuhusu mlima, bali kuhusu mchumba wake, iwapo naye apime. Nilimwambia ndiyo. Yeye alikwenda mlimani, nitaeleza alivyokwenda.

Kichwa kinapouma: malaria au mwinuko?

Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu, kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu. Msomaji wa Tanga akizisikia dalili hizo ana jina lake tayari. Hizo pia ndizo dalili za maradhi ya mwinuko, na kufanana huko ni hatari mahsusi kwa mtu wa pwani. Nimeona mtu Horombo akimeza dawa mseto kwa sababu "naijua malaria yangu", akajiona ametibiwa, asubuhi akaendelea kupanda.

Kanuni ni hii: juu ya mita 2,500, kichwa kikiuma pamoja na dalili nyingine yoyote kati ya hizo, ni mwinuko mpaka ithibitishwe vinginevyo, na tiba ya kwanza ni kutopanda zaidi siku hiyo. Parasetamoli inaruhusiwa. Dalili zikiisha kabisa na hamu ya kula ikarudi, safari yaweza kuendelea kesho yake. Zikizidi, ni kushuka.

Homa kali si dalili ya kawaida ya mwinuko. Mtu aliyeumwa na mbu Tanga wiki moja au mbili kabla anaweza kuanza kuugua malaria akiwa Horombo, ambako hakuna mbu hata mmoja, kwa kuwa vimelea alivibeba mwenyewe. Kundi libebe vipimo vya haraka vya malaria na mtu anayejua kuvitumia. Kikionyesha malaria, mgonjwa aanze dawa na ashuke. Kisipoonyesha lakini homa ipo, ashuke vilevile, kwa sababu vichomi na bandama pia huleta homa.

Zipo dalili mbili zisizongoja asubuhi. Ya kwanza ni ya ubongo kuvimba: mtu anayumba kama mlevi, anachanganya maneno, anakasirika bila sababu au analala asiamke vizuri. Mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa ncha za vidole vya mguu mwingine. Akishindwa, jibu limepatikana. Ya pili ni ya mapafu kujaa maji: kuhema hata akiwa amekaa, kikohozi kinachozidi, midomo kuwa na rangi ya buluu, makohozi yenye povu na pengine damu. Mara nyingi hujitokeza usiku, na kulala chali huizidisha. Katika hali zote mbili mgonjwa hushushwa usiku huohuo, akiwa na oksijeni, na asiachwe peke yake hata dakika moja. Viongozi wenye mafunzo hubeba deksamethasoni kwa ubongo na nifedipini kwa mapafu. Dawa hizo husaidia wakati wa kushuka, wala hazichukui nafasi yake. Hifadhi ina machela ya gurudumu, na Moshi ina hospitali ya rufaa ya KCMC. Mkataba na kampuni ya kupandisha watu usisainiwe kabla ya kuuliza mambo matatu: kama kiongozi anabeba mtungi wa oksijeni, kama ana kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, na nani atamshusha mgonjwa huku wengine wakiendelea.

Kuhusu dawa ya kuzuia

Asetazolamaidi huharakisha ile kazi ya figo niliyoieleza. Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Huleta mchonyoto vidoleni, mkojo mwingi, na huharibu ladha ya soda, jambo lililomsikitisha mmoja wetu kuliko baridi yenyewe. Iko katika jamii ya dawa za salfa. Aliyewahi kutoka malengelenge au kuvimba baada ya kumeza SP au Septrini amweleze daktari kabla ya yote. Mwenye maradhi ya figo na mwenye AS nao waiamue pamoja na daktari wao, na kila mtu aijaribu nyumbani siku mbili ili asikutane na madhara yake kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya hema. Dawa hii haifupishi idadi ya siku. Anayeimeza ili apande kwa siku tano ameinunua kwa sababu isiyo yake.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Mwenye shinikizo la damu lililodhibitiwa anaweza kwenda na dawa zake, lisilodhibitiwa, asubiri. Mwenye kisukari atunze insulini ndani ya nguo zake isigande, na ajue kuwa kifaa cha kupimia sukari huweza kutoa majibu yasiyo sahihi kwenye baridi. Mjamzito asipande. Dawa za usingizi na pombe zibaki Moshi. Miwani ya jua yenye kinga halisi ni lazima: ngozi yetu ina kinga kiasi, macho hayana. Usiku wa kilele baridi hufika nyuzi 10 hata 20 chini ya sifuri. Makoti mazuri hupatikana kwenye mitumba ya Ngamiani kwa bei ndogo, lakini nguo ya ndani isiwe ya pamba, kwa maana pamba ikilowa jasho haikauki. Chupa ya maji ibebwe kichwachini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu, nao mdomo ubaki wazi.

Na wapagazi. Wao pia wana mapafu. Mzigo wa kila mmoja usizidi kilo 20, na kundi likague kama wana makoti na mahali pa kulala. Wao pia hupatwa na maradhi ya mwinuko, na anayelipwa kwa siku ana sababu nyingi zaidi ya sisi za kuificha dalili.

Maafikiano

Maradhi ya mwinuko ni rahisi kuyatibu yakisemwa. Ugumu uko katika kuyasema. Mtu amechangishwa, ameagwa nyumbani, picha zimekwisha kutumwa, saa nne usiku Kibo kichwa kinapasuka, naye anasema, "Niko sawa." Marafiki ndio watu tunaowadanganya kwa urahisi kuhusu afya, kwa kuwa hatutaki kuwaharibia safari.

Kwa hiyo tulikubaliana mambo machache tukiwa bado Tanga, tumekaa barazani, na mmoja akayaandika. Mwendo ni wa aliye nyuma. Kila jioni na kila asubuhi kila mtu ataulizwa, mbele ya wote, kama kichwa kinauma, na atajibu kweli. Kiongozi akisema fulani ashuke, hakuna kura. Kila mmoja atatoa kiasi kidogo cha akiba ya kushusha mtu, na atakayeshuka hatadaiwa wala kutaniwa; hili la kutotaniwa, kwa watu wa Tanga, ndilo lililoleta ubishi mrefu kuliko la fedha.

Mwalimu wetu mwenye AS, baada ya kushauriana na daktari wake ambaye si mimi, alipanga mwenyewe kuishia Horombo. Alilala pale usiku wote tuliolala, akaenda nasi mchana hadi Miamba ya Pundamilia, akarudi. Yule wa pili mwenye AS aliahirisha kabisa, kwa sababu damu yake ilikuwa pungufu. Usiku wa Kibo fundi wetu wa magari, mwenye nguvu kuliko sote, aliulizwa swali la jioni akanyamaza kidogo, kisha akasema kichwa kinauma tangu mchana na ametapika nje ya kibanda bila kutuambia. Alitembezwa mstari, akaenda sawasawa. Hata hivyo alishuka na kiongozi msaidizi kabla ya saa sita usiku. Wanne kati yetu tulifika Uhuru baada ya jua kuchomoza. Tuliporudi Horombo alasiri tuliwakuta mwalimu na fundi wamekaa juani, fundi akila wali kwa mara ya pili.

Safari nyingine imeanza kuzungumzwa. Mwenzetu mmoja yuko Colorado kwa masomo, naye ametualika majira ya baridi tukajifunze skii. Wa kwanza kujibu aliuliza mji huo una mita ngapi. Tarehe haijawekwa, wapo wawili wapya katika kundi, na majibu yao ya damu bado hayajatoka.